Mafundi waliokubali kutoibomoa nyumba ya babu: maoni yangu baada ya kazi ya miezi mitano Ujiji

Nyumba ya babu yetu mzaa baba iko Ujiji, katika mitaa ya zamani iliyo kati ya soko na Kumbukumbu ya Dk. Livingstone, na kwa miaka minne familia yetu ilijadiliana bila kufikia mwafaka kama ibomolewe au itengenezwe. Mwaka jana, mwanzoni mwa Juni, tuliikabidhi kazi hiyo kwa kikundi cha mafundi saba kutoka Mwanga, hapahapa Kigoma. Sitawataja kwa jina, kwa kuwa nina mengi ya kuwasifu na machache mazito ya kuwalaumu, na hayo ya lawama tumekwisha kuyazungumza nao uso kwa uso. Ninaandika kwa ajili ya wenye nyumba za aina hii, wawe Ujiji, Mwanga au Tabora, ambao kila dalali na kila fundi anayeingia uani kwao huwaambia kwamba nyumba imechoka na dawa yake ni kuiangusha.

Nyumba yenyewe ni ya Kiswahili kama zilivyo nyingi za Ujiji: baraza mbele, mlango katikati, ukumbi mrefu unaotoka mlangoni hadi uani, na vyumba vitatu kila upande. Kuta zake ni za matofali mabichi yaliyokaushwa juani, zimesimama juu ya msingi wa mawe, na unene wake unapita urefu wa mkono wangu kutoka kiwiko hadi ncha za vidole. Babu, ambaye wazee wake walikuwa Wamanyema waliovuka Ziwa Tanganyika, aliijenga katika miaka ya 1930 ikiwa na paa la nyasi, na bati likaja baadaye. Nyuma kuna uwanja wenye kina cha mita kumi na nane kwenda nyuma, uliokuwa na jiko la nje, choo cha shimo na mchikichi mmoja ambao bado upo. Shangazi yetu, ambaye sasa ndiye mkubwa wa familia, anakaa katika vyumba viwili vya mbele. Vyumba vitatu wanakaa wapangaji, kila familia na chumba chake, na mmoja wao, mama anayeuza dagaa, amekaa humo miaka kumi na tisa. Chumba cha sita kilikuwa stoo iliyojaa vitu ambavyo hakuna aliyethubutu kuvitupa.

Kabla ya kuwapata mafundi hawa tulikuwa na mapendekezo mawili mkononi, na yote yalianza na neno kubomoa. La kwanza lilikuwa la kujenga fremu sita za biashara upande wa barabara na apatimenti nne nyuma yake. La pili lilifanana nalo, ila lilikuwa la ghorofa moja. Sikuyadharau mapendekezo hayo, kwa sababu warithi tuko watano, nyumba ilikuwa haituingizii kitu cha maana, na vijana wetu wanaoanza maisha wanahangaika kupata pa kupanga kama wanavyohangaika vijana wote wa mji huu. Mkataba wa reli ya kisasa kutoka Tabora hadi Kigoma, yenye urefu wa kilomita 506, ulitiwa saini Desemba 2022, na tangu wakati huo madalali wamekuwa wakipita mitaani kwetu wakiuliza viwanja kwa bidii ambayo hatukuizoea. Mji unataka nyumba, na mtu anayesema jengo la zamani lisiguswe bila kusema watu wataishi wapi hawezi kusikilizwa katika kikao cha familia, wala hastahili.

Fundi mkuu wa kikundi hiki alikuja Jumapili moja jioni, akaketi barazani na shangazi, akaomba karatasi, na jambo la kwanza alilofanya lilikuwa kuhesabu kaya. Sikuwa nimemwona fundi akifanya hivyo. Alimwambia shangazi: “Mama, mkibomoa mtapata apatimenti nne, nazo ni kaya nne, na kaya nne ndizo mlizo nazo humu ndani leo. Mkiiacha hii ya mbele na kujenga kule nyuma, mtapata nane.” Shangazi aliitazama karatasi kwa muda, kisha akamjibu: “Basi, mwanangu, nionyeshe maji yatapita wapi.”

Hesabu ile ndiyo iliyomaliza ubishi wa miaka minne, na ningependa kila mwenye nyumba aifanye kabla ya kumpokea mtu yeyote mwenye michoro mizuri. Wapangaji wetu hulipa shilingi elfu ishirini na tano kwa mwezi kwa chumba. Apatimenti tulizopendekezewa zingepangishwa kwa laki moja au zaidi, na hakuna hata mmoja wao ambaye angeweza kurudi. Tungekuwa tumejenga nyumba mpya na kupunguza makazi kwa wakati mmoja, maana chumba cha bei nafuu katikati ya mji, karibu na soko na karibu na mwalo wanakoshushia samaki, kikiondoka hakirudi tena. Watu wanapozungumzia majengo ya kale huyazungumzia kama mapambo ya mji, ilhali sehemu kubwa ya nyumba kuukuu za Ujiji ndizo zinazowalaza watu wenye kipato kidogo. Ukizibomoa, watu hao watasogea Businde au mbali zaidi, na nauli ya kila siku itakula kile walichokuwa wakikiweka akiba.

Sasa niiseme kazi yenyewe, nianze na ukuta, kwa kuwa hapo ndipo mafundi hawa walipoonyesha elimu ambayo wengine hawakuwa nayo. Miaka ya nyuma mmoja wa baba zetu wadogo aliipiga nyumba plasta ya saruji nje, kwa nia njema kabisa, na tangu hapo chini ya kuta kulianza kubomoka. Sisi tuliamini kwamba udongo umezeeka. Fundi mkuu alichomeka ncha ya kisu nyuma ya plasta, kiasi cha goti kutoka chini, akaibandua kipande kama sahani, na nyuma yake udongo ulikuwa umelowa na kulegea kama ugali ambao haujaiva. Alinishika mkono akaniwekea kiganja pale. Palikuwa baridi, ingawa ilikuwa kiangazi na hapakuwa na mvua kwa wiki kadhaa. Alieleza kwamba ukuta wa tofali bichi hunyonya unyevu kutoka ardhini kila siku, na kila siku huutoa kwa kupitia uso wake, na kwamba saruji, kwa kuwa ni ngumu na imeziba, huufungia unyevu huo ndani mpaka udongo unapoteza nguvu na chumvi zake zinasukuma plasta itoke. Nyumba haikuwa imezeeka. Ilikuwa imevalishwa nguo isiyopitisha hewa.

Fundi huyu alikulia Tabora, si mbali na Kwihara, penye tembe, yaani nyumba ya udongo yenye paa bapa, alilokaa Livingstone kwa miezi kadhaa mwaka 1872, na anasema kazi ya udongo aliianza utotoni kwa kuwapelekea maji wazee waliokuwa wakitengeneza matembe. Hilo lilionekana. Waliibandua saruji yote ya nje kwa patasi na nyundo ndogo, kazi ya siku kumi na moja, wakiacha kuta zikauke. Wakati huohuo wenzao walikuwa wakichimba shimo la choo la nyumba mpya kule nyuma, na udongo uliotoka humo haukutupwa. Waliuchekecha, wakauchanganya na majani makavu yaliyokatwakatwa, wakaulaza siku nane chini ya magunia yaliyolowa, wakafyatua matofali mabichi ya kipimo kilekile cha babu. Pale ambapo ukuta ulikuwa umelika kupita theluthi ya unene wake, walitoa tofali moja baada ya jingine na kuingiza mapya, hatua fupi fupi, huku mbao zikiushikilia ukuta juu. Sikujua kwamba inawezekana kuubadilisha ukuta chini huku watu wanalala chumbani. Mama wa dagaa hakuhama hata usiku mmoja.

Kisha ikaja plasta ya chokaa, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ni jambo ambalo mafundi wengi wa sasa hawalijui na wachache wanaolijua hawapewi muda wa kulifanya. Chokaa ya mifuko ilimwagwa kwenye mapipa matatu, ikafunikwa kwa maji na kuachwa wiki mbili hadi ikawa nzito kama mtindi. Ilichanganywa kipimo kimoja kwa vipimo vitatu vya mchanga wa mtoni uliooshwa, na kabla ya kupaka, ukuta ulinyunyiziwa maji kwa mkono mpaka uache kuyanywa haraka. Walipaka mikono mitatu, kila mmoja mwembamba, na kati ya mkono na mkono walisubiri hadi ukucha wa kidole gumba uache alama bila kuzama. Mchana walitundika magunia mabichi mbele ya ukuta wa upande wa magharibi ili jua la jioni lisiikaushe plasta kabla ya wakati. Mtoto wa mpangaji mmoja, mwenye umri wa miaka tisa hivi, aliijua kazi hiyo ya magunia kuliko mimi, na ndiye aliyekuwa akikumbusha saa ya kuyalowesha. Ukuta ule leo ni mweupe usiong'aa, na baada ya mvua ya usiku hugeuka rangi kidogo, kisha ifikapo saa nne asubuhi unarudi kama ulivyokuwa. Unapumua mbele ya macho yetu.

Kuhusu mlango wa mbele nina deni la shukrani kwao. Ni mlango wa mbao mbili wenye mfaa (ule ubao unaosimama katikati), miimo iliyochongwa majani na maua, na kizingiti cha juu chenye maandishi ya Kiarabu ambayo rangi ya mafuta ilikuwa imeyafunika. Dalali mmoja alikuwa amekwisha kumtajia binamu yangu bei, na katika yale mapendekezo mawili ya mwanzo mlango ulihesabiwa kama mali ya kuuzwa ili kusaidia gharama. Fundi mkuu alituuliza kama tunajua kwamba mlango ule una sheria yake. Hatukujua. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inailinda milango na fremu za milango zilizochongwa kwa nakshi za Kiafrika au za Mashariki kabla ya mwaka 1940, na mlango wa namna hiyo hauwezi kupelekwa nje ya nchi bila kibali. Lakini sheria hiyohiyo, kwa majengo, inayalinda yenyewe moja kwa moja yale yaliyojengwa kabla ya mwaka 1886. Yaliyokuja baadaye hulindwa endapo waziri anayehusika atayatangaza. Nyumba ya babu yetu imeangukia katikati. Mlango una ulinzi, na ukuta unaoushikilia hauna. Nililifikiria jambo hilo kwa siku nyingi, na bado naona ni pengo linalopaswa kuzibwa, kwa sababu mlango uliong'olewa barazani kwake na kusimamishwa kwenye hoteli ya mbali umebaki mbao nzuri tu.

Walivyoutengeneza ni hivi: waliondoa rangi ya mafuta kwa vipande vya chupa na maji ya moto, polepole, bila mashine, wakaondoa kizingiti cha chini kilicholiwa na mchwa na kuweka kingine cha mninga, wakapaka mafuta ya kitani mara mbili. Maandishi yaliyojitokeza ni Bismillahi. Shangazi aliyasoma kwa kidole, herufi moja baada ya nyingine, akasema babu alikuwa akiwafundisha kusoma kwa kuwabeba juu mlangoni hapo.

Nyumba mpya iliyoko nyuma imejengwa kwa umbo la herufi L, ikiufuata ukuta wa nyuma na wa upande wa kusini, na ina makazi manne, kila moja likiwa na chumba, sebule, jiko dogo na choo ndani. Hiyo imejengwa kwa bloku, lenta ya zege na bati la kawaida, kama nyumba yoyote ya siku hizi, na sioni ubaya wowote katika hilo. Kilichonifurahisha ni mambo mawili. Kwanza, walishusha paa lake kiasi kwamba mtu aliyesimama barabarani haoni kitu zaidi ya nyumba ya zamani na kilele cha mchikichi. Pili, waliwafungulia wapangaji wapya kichochoro chao upande wa kusini, upana wa mita moja na robo, ili wasipite katika ukumbi wa shangazi. Uani wa nyumba ya Kiswahili ni mahali pa heshima, pa kupikia, pa kuanulia nguo, pa kukaa wanawake bila kanga begani, na wachoraji wa yale mapendekezo ya kwanza waliuona kuwa ni kiwanja kitupu. Hawa waliuliza kwanza nani anakaa wapi saa ngapi. Uwanja uliobaki katikati ni mdogo kuliko zamani, shangazi analalamika kwamba sasa hakuna pa kuanikia dagaa, na malalamiko yake ni ya kweli. Hilo ndilo tulilolipa.

Swali la shangazi la maji lilijibiwa nusu. Mtaro wa mawe umechimbwa kutoka uani, chini ya kichochoro, hadi barabarani, na katika mvua za msimu huu haujaziba. Lakini gata waliloweka kwenye paa la zamani ni dogo. Mvua ikinyesha kwa nguvu maji humwagika kwenye kona ya kaskazini, mahali palepale ambapo ukuta umetengenezwa upya, na nimeweka bati la muda lisimame pale mpaka waje. Mafundi wanaojua kiasi hicho kuhusu udongo hawakupaswa kukosea jambo dogo kama gata.

Yapo makosa makubwa zaidi. Mwezi wa Agosti fundi mkuu alisafiri kwenda msibani Uvinza kwa siku nne, na wawili kati ya waliobaki, ambao kazi yao ilikuwa nyumba mpya, waliamua kusaidia. Walipiga plasta ukuta mmoja wa ukumbi kwa saruji iliyobaki kwenye karai. Aliporudi, fundi mkuu aliibandua kwa gharama yake siku ileile, bila kuombwa, ila saruji ilitoka na uso wa ukuta, na leo karibu na mlango wa chumba cha pili kuna bonde ambalo mkono unalihisi hata pale ambapo jicho halilioni. Sikuwa na hasira na wale vijana kama nilivyokuwa na hasira na utaratibu, kwani hapakuwa na mtu aliyewaambia kwa maneno wazi kwamba saruji haivuki mlango wa uani.

La pili linaniuma mpaka sasa. Madirisha ya mbele yalikuwa na mabawa manne ya mbao ya mninga, kazi ya mkono, yaliyotolewa ili yatengenezwe na kulazwa uani pamoja na mbao za chakavu. Mawili yalichomwa na saidia fundi aliyekuwa akipika ugali wa mchana. Nilifika wakati bawaba zikiwa bado nyekundu ndani ya majivu. Walilipa, na fundi seremala akachonga mengine kwa kufuata yale yaliyosalia, ila mbao iliyopatikana ni msonobari, nayo ni nyepesi, haifungi kwa mlio uleule. Babu alizinunua mbao zile Tabora na zikaletwa kwa garimoshi, jambo lililowezekana kwa kuwa reli ilikuwa imekwisha kufika Kigoma tangu 1914; hiyo ni habari ya familia yetu tu, na mtu mwingine hana sababu ya kuijali, lakini ndiyo maana tulikuwa tumeamua kutengeneza badala ya kununua ya aluminiamu.

Na muda. Tuliahidiwa wiki kumi na mbili, kazi ikachukua wiki ishirini na moja, na mkono wa mwisho wa chokaa ulipakwa mvua za Oktoba zikiwa zimeanza. Sehemu ya ucheleweshaji ni haki ya kazi yenyewe, kwa kuwa udongo na chokaa hazikauki kwa amri. Sehemu nyingine ilitokana na wao kuwa na kazi nyingine Gungu, jambo ambalo tuliligundua wenyewe.

Upande wa fedha nitasema wazi. Nyumba ya mbele ilitugharimu shilingi milioni tisa na laki nne, na makazi manne ya nyuma milioni hamsini na mbili, pamoja na michoro na kibali cha ujenzi tulichokipata manispaa. Pendekezo la kubomoa na kuweka fremu lilikuwa la milioni mia moja na ishirini. Makazi mapya tunayapangisha kwa shilingi elfu tisini kila moja, kwa hiyo fedha ya makazi hayo pekee itachukua takriban miaka kumi na miwili kurudi, na fremu huenda zingeirudisha mapema zaidi iwapo zingepata wapangaji wote. Ndugu yangu mmoja bado anaamini tulikosea, naye si mpumbavu.

Ninachomjibu ni kwamba Ujiji si mahali popote tu. Wasafiri Waingereza Burton na Speke walifika hapa Februari 1858 wakaukuta mji ambao tayari ulikuwa na biashara yake. Stanley alimkuta Livingstone hapa mwaka 1871. Na mwaka 2006 Ujiji iliingizwa katika orodha ya awali ya maeneo yanayopendekezwa kuwa Urithi wa Dunia, pamoja na Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde na Kwihara, vituo vya njia ya kati ya misafara ya watumwa na pembe za ndovu. Mgeni anayekuja leo huonyeshwa mnara na makumbusho na miembe, kisha hurudi Kigoma mjini kabla ya chakula cha mchana, kama kwamba historia ya mji ni ya watu wawili waliosalimiana chini ya mti. Waliobaki wakaujenga mji, wakazaa, wakaswali, wakauza mawese na samaki, walikaa katika nyumba kama hii. Nyumba zikiisha, orodha itabaki na jina la mji na mnara wa mawe. Mji Mkongwe wa Zanzibar uko katika Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000 na una mamlaka yake ya uhifadhi, na bado sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la mwaka 1883, ilianguka tarehe 25 Desemba 2020. Kama jumba la kifalme linaweza kuanguka likiwa na sheria juu yake, nyumba ya tofali bichi isiyo na sheria haina mlinzi mwingine zaidi ya mwenyewe na fundi wake. Kwa hiyo ujuzi wa fundi ni sehemu ya uhifadhi, tena sehemu iliyo adimu kuliko fedha.

Kwa anayetaka kuwaajiri, au kuajiri wengine wa namna yao, ushauri wangu unatokana na makovu yetu. Andikeni mikataba miwili, mmoja wa nyumba ya zamani na mwingine wa mpya, kila mmoja na watu wake na malipo yake, na katika ule wa kwanza iandikwe kwamba saruji haigusi ukuta wa udongo popote, hata kwa siku moja, hata kwa kiraka. Kila kinachotolewa ukutani, kiwe ni bawa la dirisha, bawaba au komeo, kifungiwe chumbani siku hiyohiyo, na ufunguo ukae na mtu wa nyumba. Anzeni Juni wala si Julai, ili mvua iwakute chokaa imekomaa. Muulizeni fundi swali la shangazi kabla ya kumuuliza bei. Na kama katika ziara ya kwanza hakugusa ukuta kwa mkono wake wala hakuuliza nani anaishi ndani, msimpe kazi ya nyumba ya zamani, hata kama michoro yake ya nyumba mpya inapendeza.

Mimi nitawaita tena. Tumezuia shilingi laki sita za malipo ya mwisho, kwa makubaliano yaliyoandikwa na pande zote mbili, hadi warekebishe bonde la ukumbini na kubadilisha gata. Watarudi Julai, ukuta ukishakauka vya kutosha. Udongo uliobaki kutoka kwenye shimo la choo wameuacha chini ya mchikichi, umefunikwa kwa turubai, na shangazi ameweka mawe juu yake ili kuku wasiuparue.